Mchanga Ulipanda Mbuzi Akiwa Hai

Jumamosi iliyopita nilikaa chini ya turubai huko Myamba, katika ibada ya shukrani ya rafiki yangu Eliamani aliyetimiza miaka themanini, nikasikia uongo ukitangazwa kwa kipaza sauti. Mshereheshaji, kijana wa ukoo wake aliyevaa suti ya kumetameta, alieleza kwamba zamani, kule Same, babu huyu alisimamisha bomba refu la kupandishia mchanga; mchanga ukakataa kupanda; wazee wakachinja mbuzi; na siku hiyohiyo mchanga ukapanda. Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa akitafuta nyama katika sahani yake ya kande, akaniinamia na kusema, "Ni kweli kabisa hiyo. Hata mimi niliisikia." Nikamuuliza aliisikia kwa nani. "Kwa watu," akajibu. Nikamwambia kwamba watu ni wengi, basi anitajie mmoja. Akahamisha kiti.

Mimi sikuisikia kwa watu. Nilikuwepo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na shahada ambayo karatasi yake ilikuwa bado haijapata kunjo, na mwaka ule mzima, tangu mvua za vuli hadi vuli nyingine, nililala hatua chache kutoka kwenye bomba linalosimuliwa. Mshereheshaji alipokuwa akiendelea kupamba maneno, nilimtazama Eliamani pale meza kuu, shuka jipya la zawadi likiwa mabegani mwake, naye akanitazama. Alikuwa anacheka, kicheko kilekile cha mabega kutikisika bila sauti, ambacho zamani kilinitia hasira na siku hizi hunikumbusha kwamba wote wawili bado tunaishi. Nilirudi nyumbani kwangu Same jioni hiyo nikiwa nimeamua kuandika mambo kwa mpangilio wake, kwa sababu katika habari hii mpangilio ndio kila kitu.

Tulikaa katika ghala la zamani la mkonge, nje kidogo ya mji, upande ambao upepo hauna mlima wa kuuzuia. Singa, zile nyuzi za mkonge, zilikwisha kuondoka miaka mingi kabla yetu, lakini harufu yake, ile chachu kavu inayokwaruza koo, ilibaki ndani ya mbao. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya ghala: vitanda viwili vya kamba, meza moja, dirisha lisilo na kioo linaloitazama milima. Asubuhi, kabla ya joto, milima ile ilisogea karibu hata nikadhani naweza kuhesabu migomba. Kufikia adhuhuri ilikuwa imerudi nyuma, imekuwa rangi ya majivu. Eliamani alikuwa ananizidi miaka kumi na alinyoa ndevu huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya pili peke yake, kana kwamba kwaya nzima ilikuwa chumbani na yeye anatimiza wajibu wake tu. Mama yake alimtumia tangawizi kutoka Myamba, nayo tuliitia katika kila kitu: chai, uji, na mara moja, kwa ajali, katika mchuzi wa dagaa. Hadi leo nikinusa tangawizi mbichi huisikia injini ya dizeli ikikohoa.

Kazi yetu ilikuwa hii. Kule Makanya huchimbwa jasi, lile jiwe jeupe laini ambalo likichomwa kwa kiasi huwa plasta. Wakati ule, matanuri tuliyoyaona yalichoma vibaya: mawe ya chini yaliungua kupita kiasi, ya juu yalibaki mabichi. Eliamani alikuwa ameamini, tena kwa hoja na si kwa ndoto, kwamba unga wa jasi ukizungushwa pamoja na mchanga wa moto ndani ya bomba la wima, ukipandishwa na hewa, ukanaswa juu, ukarudishwa chini na kupandishwa tena, basi kila punje ingepata joto sawa na mwenzake. Lakini kabla ya kuwasha moto lazima ujue mchanga wenyewe unavyokwenda. Kwa hiyo tulijenga kwanza bomba la baridi: mchanga na hewa tu. Lilitoboa paa la ghala na kusimama juu yake kama mtu aliyechelewa kanisani na kukosa pa kukaa. Sehemu zake za chini zilikuwa za plastiki angavu, ili tuone. Juu kabisa palikuwa na faneli kubwa ambamo hewa ilizungushwa kwa kasi, mchanga ukatupwa pembeni na kuangukia bomba la kurudi; bomba hilo lilishuka hadi kwenye pipa, na kutoka katika pipa mchanga ulirudishwa kwenye bomba kuu kupitia vali ya mkono. Hewa ilitoka katika feni kubwa iliyoendeshwa na injini ileile iliyowahi kuendesha korona, mashine ya kuchakatia mkonge.

Wakubwa wa Dar es Salaam waliotupatia vifaa walikuwa wameweka sharti. Wangekuja kukagua kabla mwaka haujaisha. Bomba likifanya kazi bila kusimama tangu asubuhi hadi saa nane mchana, tanuri la moto lingejengwa hapohapo Same, karibu na jasi yenyewe. Likishindwa, lingefunguliwa vipande na kupakiwa kwenye behewa, nalo lingekwenda kusimamishwa Dar mbele ya watu ambao hawajawahi kuliona jiwe la Makanya likiwa ardhini. Eliamani alikuwa amebishana nao miaka miwili ili mradi uje huku. Hakuzungumzia jambo hilo mara nyingi, lakini kila treni ya mizigo ilipopita alinyamaza katikati ya wimbo mpaka behewa la mwisho lipite.

Chakula tulikula kwa Mama Nanzia, mjane wa Kisiwani aliyekuwa na hoteli ya mabati karibu na stesheni. Ukuta wa mbao ulitutenga na wapagazi, na kupitia ukuta ule nilijifunza jinsi habari inavyozaliwa.

"Wale vijana wa ghalani wanajenga nini?" aliuliza mmoja.

"Roketi."

"Roketi ya mchanga?"

"Ndiyo. Wanaupeleka juu."

"Kwani huku chini umejaa?"

"Nimeambiwa na mtu anayefahamu."

"Basi wataupeleka sana. Mchanga wa Same hauishi."

Nilitaka kuinuka niwaeleze. Mama Nanzia akanishika bega akanirudisha kwenye benchi. "Kula wewe, Tomaso. Ukingoja kuthibitisha kama ugali umeiva, utaukuta umelala." Tomaso lilikuwa jina alilonipa wiki ya kwanza, baada ya kuniona nikifunua sufuria kuhakikisha kwamba maharage aliyosema yapo, yapo. Lilinishika. Hata Myamba juzi, wakwe za Eliamani waliniamkia, "Shikamoo, Mzee Tomaso," na walio wengi hawajui kwamba nilibatizwa jina jingine.

Siku ya kwanza tulipowasha feni nilipiga kelele kama mtoto, nami si mtu wa kelele. Hewa kidogo: mchanga ukalala tu, hewa ikapenya kati ya punje bila kuziamsha. Tukaongeza: mchanga ukavimba kidogo, uso wake ukawa tambarare kama wa maji, nikatumbukiza rula, ikazama yenyewe. Tukaongeza tena: mapovu yakapanda na kupasuka juu, ghala lote likawa na mlio wa uji mzito jikoni. Tukaongeza: mapovu yakavunjikavunjika hata usiweze kulionyesha hata moja kwa kidole, na uso wa mchanga ukapotea. Kisha Eliamani akafungua lango la hewa hadi alama ya rangi nyekundu, na mchanga, kitu kizito, kitu ambacho maisha yangu yote nilikiona kikianguka, ukaondoka. Ulipaa! Tuliusikia ukizunguka katika faneli juu ya paa, kisha ukimwagika kwenye bomba la kurudi kwa mlio wa mvua juu ya mabati. Eliamani alinikumbatia. Tulikuwa weupe kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu, na tulicheka mpaka tukakohoa.

Furaha ile ilidumu muda wa kunywa kikombe cha chai. Bomba likakabwa. Sina neno bora kuliko hilo. Ghafla mchanga ulikuwa mwingi kuliko uwezo wa hewa kuubeba. Ukajikusanya chini, ukapanda kama gogo lililojaza bomba zima, ukaanguka, ukapanda, ukaanguka, na kila mara ghala lilitikisika hadi vumbi la miaka ya mkonge likatushukia kutoka darini. Injini ikalemewa, feni ikapoteza pumzi, hewa ikapungua zaidi, mchanga wote ukalala. Tukazima. Tukajaribu tena kesho yake, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Tulipoongeza hewa mno, mchanga haukukabwa, lakini ulirushwa kama makapi kwenye upepo, mwembamba, punje moja hapa na nyingine kule. Jasi isingepata joto lolote katika safari ya namna hiyo. Tulichotaka kilikuwa katikati: bomba lililojaa mchanga wa kutosha chini, mwepesi zaidi juu, wote ukiwa safarini. Hali hiyo tuliipata kwa dakika chache, kisha gogo, kisha kimya.

Aliyeshika vali alikuwa Mzee Sekiete wa Bombo, mtu wa mikono mipana na maneno machache, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mgawaji wa maji wa ndiva ya kijijini kwake. Kwa asiyefika milimani kwetu, ndiva ni bwawa la kuchimbwa lililoko juu ya mashamba. Maji ya kijito huachwa yakusanyike humo usiku kucha. Asubuhi mgawaji huchomoa kizibo, na maji hushuka mferejini kwa kishindo hadi shamba la mwenye zamu. Mimi na Eliamani sote wawili tulikulia chini ya ndiva. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa, tulipolitazama lile pipa la kurudishia mchanga, hakuna aliyeliita pipa. Tuliliita ndiva, na hatukulifikiria tena.

Maneno yakaanza. Nilipofika kunywa chai, nilisikia kupitia ukutani kwamba mlima haupendi kitu chake kipelekwe juu. Nilisikia kwamba tumejenga juu ya kaburi. Nikamuuliza aliyesema kaburi la nani. Akasema yeye amesikia tu. Hayo sikuyajali. Kilichonisumbua ni neno la vibarua wetu wenyewe, watu wa macho mazuri, waliokuwa wakisimama mbele ya plastiki angavu kutwa nzima.

"Mhandisi," mmoja alimwambia Eliamani, "tusidanganyane. Mchanga haupandi. Tazama mwenyewe, unashuka."

Niliweka uso karibu na bomba. Ni kweli. Katika zile dakika chache njema, mchanga niliouona ulikuwa ukiteremka mbele ya macho yangu, katika vifundo na mikia, kama maziwa yanayoteleza kwenye ukuta wa kibuyu.

"Unapanda," alisema Eliamani. "Kama haupandi, huo unaorudi kutoka juu unatoka wapi?"

"Ule wa zamani, pengine."

"Wa zamani upi? Umewekewa akiba mbinguni?"

"Mimi nasema ninachokiona, Mhandisi."

Nami pia huwa nasema ninachokiona. Nimeishi kwa kanuni hiyo. Hapa nilikuwa na watu wawili wakweli, mmoja ana hoja na mwingine ana macho, na vyote viwili haviwezi kupatana. Sikula mchana ule wala sikupumzika. Nilikwenda kwa mafundi wa malori, nikaomba bomba jembamba la breki, nikalipinda ncha yake liwe na mdomo unaotazama upande mmoja, na nyuma yake nikafunga mfuko wa kitambaa. Tukatoboa tundu dogo ubavuni mwa bomba kuu. Mdomo ukitazama juu, hudaka mchanga unaoshuka. Ukitazama chini, hudaka unaopanda. Nikauingiza kidogo tu, karibu na ukuta, mdomo juu: mfuko ukavimba mara moja. Vibarua wakacheka. "Tulisema!" Nikausukuma hadi katikati, nikaugeuza mdomo uelekee chini. Bomba la breki lilitetemeka mkononi mwangu kama kitu chenye uhai, na mfuko ukajaa kabla sijamaliza kushusha pumzi. Nikarudia. Nikawapa wao warudie. Ukutani unashuka, katikati unapanda, tena kwa kasi ambayo jicho halikuwa na njia ya kuiona kwa sababu pazia la mchanga wa pembeni lilikuwa limelifunika. Tangu siku ile nimewaamini mashahidi wa macho kwa sharti moja zaidi: huwauliza walikuwa wamesimama wapi.

Basi mchanga ulikuwa unapanda. Kwa nini haukudumu? Jibu lilikuja juu ya sahani. Ilikuwa adhuhuri, wiki chache kabla ya wakaguzi kuja. Mama Nanzia alikuwa ametupakulia kande, na Eliamani, aliyekuwa amechoka hata kuimba ameacha, alikuwa akimsifu Mzee Sekiete kwa jinsi anavyoilinda ndiva yetu: huifunga vali mpaka pipa lijae vizuri, kisha huifungua kwa mkono mmoja thabiti.

"Na kule Bombo," nikauliza, "kwa nini msiyaachie maji yatiririke tu, usiku na mchana?"

Mzee Sekiete alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, umekulia mlimani wewe? Maji yakienda kidogo kidogo mfereji unayanywa. Ardhi ina kiu. Shamba la mwisho halipati hata tone. Lazima uyakusanye, uyatume kwa pamoja."

"Sawa, mzee. Na mchanga huu wetu, njiani unanywewa na nini?"

Kijiko cha Eliamani kilikuwa kimefika nusu ya njia ya kwenda mdomoni, nacho kikabaki hapo. Punje ya mahindi ikaanguka mezani.

"Hakuna," akasema polepole. "Hakuna anayeunywa." Kisha akasimama kwa nguvu hata benchi likapinduka na mimi nikiwa juu yake. "Hakuna anayeunywa! Tunautuma kwa kishindo, ya nini? Nani ana kiu mle ndani? Tunalikaba sisi wenyewe kwa mikono yetu!"

"Chakula changu!" alipiga kelele Mama Nanzia. "Nani atakula hivi vitu?"

"Tunarudi, mama!" Eliamani alikuwa ameshafika barabarani, kijiko bado mkononi.

Tuliikuta injini ikiwa baridi, tukaiamsha. Nilikaa mbele ya mirija yangu ya vioo, yenye maji yaliyotiwa rangi, ambayo ilionyesha uzito wa mchanga katika kila sehemu ya bomba. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeyaona maji yale yakiruka kila mara vali inapofunguliwa, nikidhani yanaruka kwa sababu bomba lina kasoro. "Fungua kidogo, mzee," alisema Eliamani. "Kidogo zaidi. Basi. Sasa ondoa mkono." Mzee Sekiete aliuondoa kama mtu anayemwachia mtoto mchanga akae peke yake. Pipa, tulilozoea kuliona limejaa, likabaki nusu, na mchanga uliotoka chini yake ulikuwa sawasawa na ule ulioingia juu yake. Maji katika mirija yakapanda, yakayumba, kisha yakasimama. Yalisimama! Yalitetemeka tu kama uso wa chai lori likipita. Mlio wa bomba ukawa mmoja, mrefu, bila kishindo, na tukasubiri gogo, na gogo halikuja, jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine na gogo halikuja.

"Sasa mimi kazi yangu ni ipi?" aliuliza Mzee Sekiete.

"Kuketi hapo na kutoigusa, mzee."

"Hiyo ni kazi nzito. Mniongezee uji."

Nimefikiri sana, katika uzee huu, kuhusu kosa lile. Vitabu nilivyosoma havikulitaja, na visingeweza kulitaja, kwa sababu ni kosa linalohitaji watu waliolelewa na ndiva, watu ambao kwao kukusanya na kuachilia ndiyo akili yenyewe, haki yenyewe, ndiyo sababu babu zao walikula. Wageni wangefanya makosa yao mengine. Sisi tulilibeba letu kutoka nyumbani, jema kabisa mahali pake, tukaliteremsha hadi tambarare ambako halikuwa na kazi.

Wakaguzi walifika asubuhi ya mawingu, wakiongozwa na bwana mmoja mwembamba, mwenye miwani, asiyekubali chai. Watu wa Bombo, ndugu za Mzee Sekiete, walikuwa wametuletea mbuzi kwa ajili ya wageni. Mama Nanzia alitaka achinjwe mapema ili nyama iive kwa wakati, akaja na kisu ghalani kabisa. Nilimsikia Eliamani akimjibu, maneno ninayoyakumbuka kama yalivyotamkwa: "Hapana, mama. Mfunge pale kwenye nguzo. Bomba likimaliza, atachinjwa. Likikabwa, anarudi Bombo na aliyemleta, maana hatutakuwa na la kusherehekea." Mbuzi akafungwa. Alikuwa wa kahawia, mwenye sikio moja lililochanika.

Tuliwasha. Saa zilipita, mlio ukiwa uleule, na yule bwana alitembea huku na huku, mikono nyuma. Karibu na adhuhuri alisimama mbele ya plastiki angavu, akaivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mchanga huu," akasema, "unashuka."

Kabla Eliamani hajafungua mdomo, injini ilikohoa. Dizeli ilikuwa na uchafu. Mlio ukashuka, feni ikalegea, na katika mirija yangu maji ya sehemu ya chini yakaanza kupanda: mchanga ulikuwa unajikusanya. Nilijua kinachofuata, miguu yangu ililijua lile gogo kabla halijaja. Nikamtazama Mzee Sekiete. Maisha yake yote, mtiririko ulipopungua, dawa ilikuwa kufungulia zaidi, kusukuma kwa wingi. Niliuona mkono wake ukienda kwenye vali. Mzee aliishika vali, akatazama mirija, akaibana upande wa kufunga, kiasi cha unene wa ukucha. Kisha akautoa mkono wake, akaushika kwa mkono mwingine magotini, kana kwamba anamfunga mwizi. Maji yakaacha kupanda. Injini ikakohoa tena, ikatema uchafu wake, ikashika. Maji yakarudi mahali pake, polepole, yakasimama.

"Unashuka ukutani, bwana mkubwa," nikasema. "Katikati unapanda. Usiniamini mimi." Nikampa bomba la breki.

Alilisukuma mwenyewe. Kidogo kwanza, kisha hadi katikati, mdomo chini. Niliuona uso wake wakati chuma kile kilipoanza kutetemeka kiganjani mwake, na mfuko ukajaa, na yule bwana asiyekunywa chai za watu akaachia kicheko, akalirudisha bomba nyuma, akalisukuma tena, kama mtoto aliyepewa kitu asichotaka kukirudisha. Aliwaita wenzake wote, mmoja mmoja, waje washike. Saa nane ilipita bila mtu yeyote kutazama saa. Ni Mama Nanzia aliyekuja mlangoni kuuliza kama tunataka watu wafe kwa njaa. Ndipo Eliamani akaashiria, nikazima hewa, mchanga ukaanguka wote kwa pamoja na kulala.

"Liacheni lisimame hapo," alisema mkaguzi. "Tanuri mtalijenga pembeni yake."

Juzi, wageni wa shukrani walipokuwa wakiondoka, nilimfuata Eliamani alipokaa, nikamuuliza kwa nini aliuacha uongo ule uende bila kuusahihisha. Akanivuta nikae. "Tomaso," akasema, "yule kijana amesimulia vizuri."

"Amesimulia kinyume."

"Basi andika wewe kiume," akajibu, mabega yakitikisika. "Ila usimsahau mbuzi. Alikuwa mtamu."

Sijamsahau. Nilimwona kwa macho yangu kutwa ile, nikiwa nimesimama mahali ambapo hapakuwa na pazia. Alikuwa hai kwenye nguzo yake, akitafuna kamba, wakati mchanga unapanda. Alikuwa hai injini ilipokohoa, na lau mkono wa Mzee Sekiete ungekwenda upande wa pili, angerudi Bombo jioni hiyo na kufa kwa uzee. Mbuzi hakuupandisha mchanga. Mchanga ndio uliomchinja mbuzi, na mimi nilikula bega la kushoto.